Taa za njia ya kutokea: betri ndani, betri ya pamoja, jenereta au mkanda unaong'aa?

Saa moja kasoro robo jioni, ghorofa ya tatu ya jengo la kukodi karibu na River Road, Nairobi. Nilikuwa nimeitwa kukadiria kazi ya taa kwenye karakana ya ushonaji, mafundi kumi na wanane, cherehani zikilia kwa pamoja. Stima ikapotea. Taa ya dharura juu ya mlango iliwaka, nami nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Nilipofika arobaini ikafifia, kisha ikazima. Ngazi za jengo lile hazina dirisha hata moja. Watu walishuka mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika simu. Dada mmoja mjamzito aliketi kwenye kidato cha juu kabisa akashuka akiwa amekaa, kidato kimoja baada ya kingine, mpaka chini. Siku hiyo hakukuwa na moto wala moshi. Ilikuwa stima tu.

Tangu hapo nimeulizwa swali lilelile na wenye karakana, wasimamizi wa ofisi na hata askari wa lango: ninunue nini ili watu watoke salama? Njia zilizopo sokoni ni nne, na kila moja ina mahali pake. Nitazipitisha zote kwenye vigezo vilevile. Lakini kabla ya kuingia dukani Luthuli Avenue, kuna kazi ya kufanya kwako kwanza.

Kiasi gani kinatosha?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi ahakikishe kuna mwanga wa kutosha na unaofaa kila mahali watu wanapofanya kazi au kupita. Neno "kupita" lisikuponyoke, maana hapo ndipo korido na ngazi zinapoingia. Sheria hiyo pia inataka vioo vya madirisha na paa vinavyoleta mwanga vitunzwe safi ndani na nje. Tarakimu haitaji, ndiyo maana wahandisi wengi wa hapa huegemea viwango vya Ulaya na Uingereza.

Lumeni hupima mwanga unaotoka kwenye taa. Kipimo chetu ni luksi, yaani mwanga wa lumeni moja uliotua juu ya mita moja ya mraba. Mbalamwezi ya mwezi mpevu ni kama robo ya luksi. Jua kali la mchana linafika luksi 100,000. Kati ya hapo ndipo tunapoishi na kufanya kazi.

Kiwango cha Ulaya cha mwanga wa kazini, EN 12464-1, kinataka luksi 500 mezani kwa kusoma, kuandika na kazi ya kompyuta, luksi 750 kwa kushona, na luksi 1,000 kwa kukagua kitambaa na rangi yake. Korido na ngazi kwa siku ya kawaida ni luksi 100. Hizi ni tarakimu za kutunzwa muda wote, siyo za siku fundi anapokabidhi kazi taa zikiwa bado zinanukia plastiki mpya. Vumbi la pamba likishatanda juu ya tyubu, mwanga unashuka bila mtu yeyote kugundua, kwa sababu macho huzoea polepole. Na macho yenyewe hayafanani. Mtu wa miaka sitini hupokea ndani ya jicho karibu theluthi moja tu ya mwanga anaoupokea kijana wa miaka ishirini. Fundi wako mzee akisema haoni vizuri, usimwambie akanunue miwani kabla hujapima meza yake.

Stima ikipotea, hesabu inabadilika. Kiwango cha Ulaya cha taa za dharura, EN 1838, kinataka angalau luksi 1 sakafuni, kwenye mstari wa katikati wa njia ya kutokea yenye upana usiozidi mita 2, na angalau nusu ya hiyo kwenye ukanda wa kati, wenye nusu ya upana wa njia. Ukumbi mpana unataka luksi 0.5. Penye kifaa cha kuzimia moto, kengele ya moto au sanduku la huduma ya kwanza panatakiwa luksi 5. Penye hatari, kama msumeno unaoendelea kuzunguka au sufuria ya mafuta ya moto, panatakiwa asilimia 10 ya mwanga wa kawaida wa kazi hiyo, usipungue luksi 15, na uwe umefika ndani ya nusu sekunde. Sehemu yenye mwanga mwingi kabisa njiani isizidi mara 40 ya sehemu yenye mwanga hafifu kabisa, kwa sababu jicho likitoka kwenye mwangaza mkali kuingia kivulini huwa kipofu kwa muda. Marekani wanadai zaidi: kanuni yao ya usalama wa majengo, NFPA 101, inataka wastani wa luksi 10.8 mwanzoni, kwa saa moja na nusu. Mteja wako akiwa na michoro iliyoandikwa kwa kiwango hicho, usimpimie kwa kile cha Ulaya.

Luksi moja inasikika kama utani mpaka uisimamie. Ni mara nne ya mbalamwezi, na mtu mzima anayejua njia anaona ukingo wa kidato. Luksi 0.2 nayo ni giza lenye matumaini tu.

Utapimaje? Kwa mezani, mita ya mwanga ya bei ya kawaida inatosha. Iweke pale pale jicho linapofanya kazi, chini ya sindano ya cherehani, huku fundi mwenyewe ameketi, kwa maana kichwa na mabega yake huweka kivuli. Programu za simu zinakupa picha ya jumla, yaani kona hii ina giza kuliko ile, lakini tarakimu zake hutofautiana kati ya simu na simu, na mimi sitegemei hata moja kusaini ripoti. Kwa njia ya kutokea, mita lazima isome sehemu za kumi za luksi. Zima swichi kuu usiku, subiri taa za dharura zichukue nafasi, kisha laza kihisio sakafuni, kidato baada ya kidato. Mchana haifai hata ukifunga mlango, maana mwanga kidogo unaopenya chini ya mlango unazidi luksi unayoitafuta.

Ukiwa bado unapanga, hesabu inasaidia. Karakana ya mita 8 kwa 5 ni mita za mraba 40. Ukitaka luksi 500 chumba kizima unahitaji lumeni 20,000 zifike mezani. Chukulia nusu inapotea kwenye kuta na dari, na moja ya tano ya kinachobaki inaliwa na vumbi na uchakavu: taa zitoe lumeni 50,000. Tyubu ya LED ya futi nne yenye lumeni 2,000 ndiyo iliyozoeleka, basi ni tyubu 25, na taa ndogo kwenye kila cherehani kukufikisha 750. Wenye karakana wengi hushtuka wakisikia hiyo 25. Paka dari na kuta rangi nyeupe, na idadi inapungua. Chokaa ndiyo taa ya bei nafuu kuliko zote.

Vigezo vya kulinganisha

Kwanza, mwanga unaofika sakafuni. Pili, unawaka baada ya muda gani na unadumu kiasi gani. EN 1838 inataka nusu ya mwanga wa dharura iwe imefika ndani ya sekunde 5, wote ndani ya sekunde 60, na udumu saa moja au zaidi. Tatu, unastahimili hitilafu ipi. Nne, nani atautunza, na gharama yake inaangukia mwanzoni au baadaye.

Kigezo cha tatu ndicho watu hukiruka, na ndicho ninachokipa uzito kuliko vingine. Sisi Wakenya tukisema "stima imepotea" tunafikiria mtaa mzima, au nchi nzima kama usiku wa tarehe 25 Agosti 2023. Lakini giza la ngazi huja kwa njia tatu tofauti. Stima ya mtaa inaweza kukatika. Breka, ile swichi inayojikata umeme ukizidi, inayolisha taa za ngazi inaweza kujizima huku jengo zima likiendelea kuwaka. Na moto unaweza kuunguza waya kabla haujamfikia mtu yeyote. Kifaa kinachokuokoa kwenye giza la kwanza kinaweza kukuacha kabisa kwenye la pili na la tatu.

Taa zenye betri ndani

Hizi ndizo nyingi mjini: kila taa ina betri yake, inachaji stima ikiwepo na kuwaka ikikatika. Zipo zinazowaka muda wote, kama kibao cha kijani cha mtu anayekimbia, na zipo zinazosubiri giza.

Mwanga sakafuni unategemea umbali kati ya taa na taa, siyo ukubwa wa maandishi kwenye boksi. Mtengenezaji makini hutoa jedwali linalosema, kwa dari ya mita 2.5 au 3, taa hii na inayofuata ziachane mita ngapi ili luksi 1 ipatikane katikati. Muuzaji asiye na jedwali hilo anakuuzia balbu na tumaini. Weka taa kwenye kila kona, kila badiliko la kimo, kila mlango wa kutokea na nje kidogo ya mlango wa mwisho. Zile zenye macho mawili, zinazopatikana kila duka, zinafaa kwenye ghala au ukumbi. Usizifunge kwenye ngazi: zinamulika anayeshuka usoni na kumnyima kuona kidato.

Zinawaka mara moja, na nyingi zimeandikwa saa tatu. Kwenye hitilafu zinashinda zote, kwa sharti moja: taa ilishwe na waya ule ule unaolisha taa za kawaida za eneo hilo, kabla ya swichi. Hapo breka ya ngazi ikijizima, taa inajua. Nimekuta nyingi zimechomekwa kwenye soketi ya kando, yenye breka tofauti. Ngazi zinaingia gizani, nayo taa ya dharura inaendelea kuchaji kwa utulivu, kwa sababu kwake stima ipo.

Udhaifu wake ni utunzaji. Betri za aina ya nikeli huhesabiwa kudumu kama miaka minne, na taa iliyofungwa chini ya bati linalopigwa na jua haifiki hapo. Utaratibu wa Uingereza, BS 5266, ni kuijaribu kila mwezi kwa muda mfupi, na mara moja kwa mwaka kuiacha iwake muda wake wote. Baada ya jaribio refu betri huhitaji hadi saa 24 kujaa tena, kwa hiyo ukijaribu zote Jumatatu asubuhi umewaacha watu bila kinga siku nzima. Jaribu taa moja na kuruka inayofuata, Jumamosi jioni. Kuna jambo jingine la Nairobi hasa: stima ikikatika mara mbili kwa siku, ile ya jioni inaikuta betri haijarudi. Ndiyo maana sikubali taa za saa moja hapa. Chukua za saa tatu.

Ile taa ya River Road ilikuwa ya aina hii. Mwangalizi wa jengo alinionyesha kijitaa cha kijani kinachowaka: "Fundi, si unaona inachaji? Ilikuja na jengo." Kijani kile kinasema chaja inapata stima. Hakisemi betri bado inashika. Nilipoifungua, betri ilikuwa imevimba na kutoa unga mweupe kwenye ncha za waya, na kwenye boksi lake hapakuwa na tarehe yoyote iliyoandikwa na mtu. Tangu hapo kila betri ninayofunga naiandikia mwezi na mwaka kwa kalamu isiyofutika, na namuomba mwenye nyumba aone.

Balbu za kuchaji zinazouzwa kama njugu nazo zinaulizwa sana. Nyumbani ni nzuri, mtoto anamaliza kazi ya shule. Kwenye ngazi za wafanyakazi sizitaki: hazina kitufe cha kujaribu, na mtu akizima swichi jioni haziwezi kuchaji.

Zinamfaa mwenye karakana, duka, ofisi ndogo au ghorofa chache, na mtu anayeweza kukabidhi daftari la majaribio kwa mtu mmoja mwenye jina.

Betri ya pamoja

Hapa betri zote zimewekwa chumba kimoja, na waya zinatoka humo hadi kwenye taa za kila ghorofa. Ni njia ya majengo marefu, hospitali na maduka makubwa.

Mwanga wake ni mzuri na wa sawasawa, kwa sababu taa zinaweza kuwa kubwa bila kubeba betri tumboni. Zinawaka papo hapo na kudumu kadiri ulivyonunua betri. Betri za asidi zilizofungwa, za daraja la miaka kumi, hupenda baridi. Joto la chumba likipanda nyuzi 10 juu ya kawaida yake, umri wake hukatika karibu nusu. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, inazifaa kuliko Mombasa, ila siyo ukizipanga chumba kimoja na jenereta.

Kwenye hitilafu ndipo unapaswa kumbana mkandarasi kwa maswali. Waya zinazotoka kwenye chumba cha betri lazima ziwe za kustahimili moto, na vishikio vyake pia. Waya ya kawaida ikiungua ghorofa ya pili, ghorofa ya tano inaingia gizani na betri zikiwa zimejaa. Tena mfumo lazima uwe na jinsi ya kuhisi breka ya taa za kila ghorofa. Usipohisi, utasubiri jengo zima lizime ndipo uamke, na giza la pili kati ya yale matatu litakukuta umelala.

Utunzaji ni rahisi kwa maana moja: mahali pa kukagua ni pamoja, na mitambo mingi inajijaribu yenyewe na kuandika matokeo. Lakini inahitaji mhandisi anayeijua, na hitilafu moja kubwa inagusa kila mtu. Gharama kubwa inakuja mwanzoni, na ukilinganisha na kubadilisha mamia ya betri ndogo kila baada ya miaka minne, jengo kubwa hurudisha pesa yake. Mwenye ghorofa tatu hatairudisha.

Jenereta, au sola yenye inveta

Hii ndiyo njia inayopendwa, kwa sababu inaokoa kazi. Mwanga haushuki hadi luksi 1, unabaki ule ule wa mezani, cherehani inaendelea, mteja haondoki. Kwa biashara ya mjini faida hiyo ni kubwa, na sitamlaumu yeyote anayeanza hapo.

Muda wa kuwaka ndio wenye shida. Jenereta inayojiwasha huchukua sekunde kumi hadi kumi na tano kabla ya kubeba mzigo, na tayari umepita zile sekunde 5. Ile ya kuvuta kwa mkono inamsubiri askari atafute ufunguo. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama stima ya ukutani, hubadilisha kwa kufumba na kufumbua, na kwa upande huo inatimiza. Kudumu kwake ni suala la dizeli iliyobaki, au jua lililowaka mchana. Julai ya Nairobi yenye mawingu ya asubuhi hadi jioni, kumbuka hilo ukipanga betri za sola.

Kwenye hitilafu, inatibu giza la kwanza pekee. Breka ya ngazi ikijizima, jenereta haitajua wala kunguruma. Moto ukiunguza waya za dari, stima ya jenereta inapita kwenye waya hizo hizo. Na mtu wa kwanza mwenye akili kukiwa na moto atakata swichi kuu, pengine na ya jenereta, na hapo watu wengi ndio kwanza wako kwenye ngazi.

Utunzaji ni mafuta, betri ya kuwashia, na jaribio lenye mzigo halisi. Kuiwasha dakika mbili kila Ijumaa bila mzigo kunampa mtu usingizi tu.

Inamfaa anayehitaji kazi iendelee. Kwenye mashine za kukata na tanuri, inveta inaweza kushika ile nusu sekunde inayotakiwa penye hatari. Kama kinga ya njia ya kutokea peke yake, siikubali popote. Iwe na taa zenye betri ndani pembeni yake.

Mikanda na vibao vinavyong'aa gizani

Hakuna waya, hakuna betri. Rangi yake hunyonya mwanga wa kawaida na kuutoa polepole gizani, kijani kibichi cha kimanjano.

Mwanga wake hauhesabiwi kwa luksi sakafuni, kwa sababu haumuliki kitu. Unachora mstari: ukingo wa kidato, ubao wa chini ya ukuta, kishikio cha mlango. Unaonyesha njia inakwenda wapi, lakini hauonyeshi gunia lililoachwa juu yake. Uko tayari giza linapoingia, una nguvu dakika za mwanzo, kisha unafifia. Jicho nalo linazidi kuzoea giza kwa karibu nusu saa, hivyo mkanda mzuri huendelea kuonekana muda mrefu kuliko unavyodhani.

Kwenye hitilafu haujali breka wala waya, na una jambo ambalo taa za dari hazina. Moshi hupanda juu na kuziba taa za dari kwanza. Mkanda uliobandikwa chini bado unaonekana na mtu anayetambaa. New York walijifunza hili kwa uchungu. Bomu la tarehe 26 Februari 1993 kwenye World Trade Center liliharibu umeme wa dharura pia, na maelfu walishuka ngazi zenye giza na moshi. Baadaye ngazi hizo zilipakwa rangi inayong'aa, na Septemba 2001 watu walishuka wakiifuata. Mwaka 2004 jiji lile likapitisha sheria ya kudai alama hizo kwenye majengo marefu ya ofisi.

Sharti lake ni mwanga wa kuulisha. Mahali ambapo taa za ngazi zimefungwa kihisio zizime pasipo na mtu, au mwangalizi anazizima mchana kuokoa tokeni za stima, mkanda unakaa na njaa, na giza likija hauna cha kutoa. Taa nyeupe huulisha vizuri kuliko za manjano. Utunzaji ni kitambaa na maji, na kuhakikisha hakuna aliyeegemeza marobota juu yake. Jihadhari na vya bei ya chini kabisa. Kibebe chooni, kimulike kwa taa ya kawaida robo saa, zima, na usubiri dakika kumi. Kama hukioni, usikinunue.

Unafaa kama nyongeza kwa kila mtu, na kama njia kuu kwa karibu hakuna.

Kulingana na hali yako

Karakana au ofisi ya watu wachache kwenye jengo la kukodi: anza na taa zenye betri ndani za saa tatu, moja juu ya kila mlango na kila kona ya ngazi unayoitumia, na mkanda unaong'aa kwenye kingo za vidato. Kama pesa inatosha kimoja, anza na kona ya ngazi, siyo na kibao kizuri cha mapokezi.

Kiwanda cha Industrial Area au Kariobangi chenye mashine zinazozunguka: inveta au taa zenye betri za mwanga mkubwa penye mashine, jenereta kwa ajili ya uzalishaji, na taa zenye betri ndani kwenye njia zote hadi nje ya geti la kukusanyikia. Pima eneo la mashine kwanza, maana mkono hukatika kabla mtu hajafika kwenye ngazi.

Jengo refu linaloanza kujengwa: hesabu betri ya pamoja dhidi ya taa za kujitegemea kwa miaka kumi, siyo kwa siku ya kukabidhi, na andika waya za kustahimili moto kwenye mkataba. Jengo refu lililokwisha kujengwa: kupitisha waya mpya kwenye kuta ni mateso, na mara nyingi taa zenye betri ndani zenye kujijaribu zinatoka nafuu.

Duka kubwa, kanisa, ukumbi wa harusi au klabu, mahali wanapoingia watu wasiojua jengo: vibao vya kutokea viwake muda wote, na ukumbi ufikishe luksi 0.5 bila kusahau nyuma ya nguzo. Mgeni hutoka alikoingilia, hata kama mlango mwingine uko hatua tatu kutoka kwake, asipouona.

Ghala lenye rafu ndefu: taa zipangwe kwa vichochoro, siyo kwa dari. Taa nzuri iliyoko kichochoro cha pili haifiki cha tatu, na rafu zikihamishwa, pima upya.

Na kama ngazi ni za mwenye jengo, kama ilivyo kwa wapangaji wengi wa katikati ya jiji? Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za 2007 zinadai zoezi la moto angalau mara moja kila miezi kumi na miwili. Lifanye jioni, giza likishaingia, na mwalike mwenye jengo ashuke nanyi. Kule River Road mama mwenye karakana alifanya hivyo. Alimpa mwenye jengo, mzee mmoja, mita mkononi, wakashuka pamoja, na kwenye kona ya ghorofa ya pili mita ikasoma 0.0. Mzee aliinama akaitazama tena, akaitikisa kidogo, akauliza kama imeharibika. Siku tisa baadaye niliitwa kufunga taa sita, na usiku huo kona ile ile ikasoma 1.8.